Mbwa anayechapwa akija hatakuja tena

Mhariri,

Wafugaji wengi bado humchapa mbwa anapochelewa kuja akiitwa. Kipigo hicho humfundisha jambo moja tu: kumkaribia mwenye nyumba kunauma. Kesho atakaa mbali zaidi.

Ili kumfundisha kuja akiitwa, mtuze: chemsha maini au firigisi bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa, kisha ukate vipande vidogo kama punje ya hindi. Anza uani kabla hajala. Simama hatua mbili kutoka kwake, mwite jina na useme "njoo" mara moja. Akigeuka tu, sema "safi!" papo hapo, kisha mpe kipande. Sifa ikichelewa, atadhani amesifiwa kwa jambo jingine, labda kukurukia. Dakika tano zinatosha, mara mbili kwa siku.

Wengi huharibu kwa kutoka uani moja kwa moja hadi barabarani penye kuku na bodaboda. Ongeza umbali kwanza, vishawishi baadaye, naye awe na kamba ya mita tano hadi kumi iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni. Akishindwa mara mbili mfululizo, rudi hatua nyepesi. Wala usimwite ili umwogeshe au umfungie bandani, mfuate mwenyewe.

Wanaotaka kuifanya kazi hii ya kufunza mbwa wajifunze kwanza kuusoma mwili wa mbwa. Masikio kulala nyuma, kulamba midomo, mkia kubanwa katikati ya miguu: hiyo ni hofu, si utii. Na aliyechapwa hadi akaacha kunguruma anaweza kuuma bila kuonya.

Mkufunzi wa mbwa,
Morogoro