Barua ya wazi kwa vijana wa meza ya Jumamosi: mjengeni msihiri atakayeishi

Upanga, Dar es Salaam

Wanangu,

Shikamoo zenu zimenifikia, marahaba. Nawaandikia wote kwa pamoja kwa sababu kosa ni la wote: wasihiri wenu, yaani wahusika wa aina ya wizard mnaowachezea, hawafiki ngazi ya 3. Kila anayekaa kujaza karatasi ya mhusika wa mchezo wa mezani wa kuigiza kwa dadu, Dungeons & Dragons, anaanza na moto. Anaota mpira wa moto atakaoupata ngazi ya 5, na uhai alionao leo unamalizwa na mshale mmoja. Msihiri hujengwa kwa mwili unaostahimili na kitabu kilichopangwa. Huo moto atakuja kuukuta, ilimradi awe hai.

Kwanza jina. Mimi nasema msihiri, nanyi fanyeni hivyo. Mnachezea barazani, majirani wanapita, na neno mchawi hapa kwetu limebeba tuhuma nzito mno. Watu wameumizwa kwa neno hilo. Tena halimfai mhusika mwenyewe. Huyu hakuzaliwa na nguvu wala hakupewa na jini. Amesoma, na alichosoma kimo kitabuni mwake. Wa kuzaliwa nazo na wa kufunga mkataba na kiumbe ni wahusika wengine kabisa, wana kanuni zao.

Ninafuata toleo la 5 la mwaka 2014. Kanuni zake za msingi ziliachiwa bure Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons, kwa hiyo pakueni, mkachapishe kurasa mnazozihitaji stesheneri. Marekebisho ya 2024 yamegusa mambo kadhaa, ikiwemo sihiri ya usingizi, basi kubalianeni na msimamizi wa mchezo mnatumia lipi kabla hamjaandika namba hata moja.

Sasa tuje kwenye alama sita za uwezo wa mhusika, maana hapa ndipo mnapokufa. Mna pointi 27 za kununulia. Alama ya 8 ni bure, 9 ni pointi 1, 11 ni 3, 13 ni 5, halafu bei inaruka: 14 ni 7 na 15 ni 9. Binadamu wa kawaida huongezewa 1 katika alama zote sita, na nyongeza ya dadu, yaani namba ambayo alama hukupa ujumlishe kwenye dadu, hupanda kwenye namba shufwa tu. Kwa hiyo binadamu anunue witiri. Akili 15, Ustahimilivu 15, Wepesi 13, Busara 11, Nguvu 9, Mvuto 8. Jumlisheni: 9 na 9 na 5 na 3 na 1, ni 27 kamili. Ukishaongeza 1 kila mahali unapata Akili 16, Ustahimilivu 16, Wepesi 14, Busara 12, Nguvu 10, Mvuto 9. Hakuna pointi iliyopotea njiani zaidi ya ile ya Mvuto.

Wengi wenu mnaacha Ustahimilivu kwenye 8 mkisema msihiri hapigani. Hapigani, lakini anapigwa. Uhai wake ngazi ya 1 ni 6 ukijumlisha nyongeza ya Ustahimilivu. Yule wa 8, akishaongezewa 1, ana 9, nyongeza yake ni hasi 1, uhai unabaki 5. Goblini, kiumbe adui wa mwanzoni, hupiga dadu ya pande sita na kuongeza 2. Katika nyuso sita za dadu hiyo, nne zinamlaza chini. Msihiri wa mfano wangu, mwenye Ustahimilivu 16 na nyongeza 3, ana uhai 9, na pigo la kawaida la goblini haliwezi kuzidi 8. Anayumba, anabaki amesimama, anapata zamu nyingine. Hapo tofauti ya kufa na kupona ni pointi 9 mlizopeleka kwenye Mvuto.

Kinga, namba ambayo dadu ya adui lazima ifikie ili akupate, nayo ina hesabu yake. Bila deraya, Wepesi 14 unampa kinga 12, na goblini mwenye nyongeza ya 4 humpata kwa nyuso 13 kati ya 20 za dadu kubwa. Sihiri ya Mage Armor, inayodumu saa 8, inampandisha hadi 15: nyuso 10. Akirusha Shield pale pale pigo linapompata, kinga inakuwa 20 mpaka mwanzo wa zamu yake: nyuso 5. Zote mbili ziwe kitabuni tangu siku ya kwanza.

Kitabu huanza na sihiri sita za daraja la 1 (ngazi ni ya mhusika, daraja ni la sihiri). Ningeandika hivi: Mage Armor, Shield, Sleep (usingizi), Magic Missile (vishale visivyokosa), Find Familiar (kuita mnyama msaidizi), Detect Magic (kutambua sihiri iliyo karibu). Kati ya hizo unaandaa nne kwa siku, yaani nyongeza ya Akili 3 ukiongeza ngazi 1. Mnasahau kwamba mbili za mwisho ni za ibada: mradi zimo kitabuni hazihitaji kuandaliwa wala hazili nafasi ya kurusha, unaongeza dakika 10 tu kwenye muda wake. Basi andaa zile nne za mwanzo, mbili za mwisho zifanye kwa utulivu kambini. Identify, ya kutambua vifaa vya sihiri, iacheni kwanza, inadai lulu yenye thamani ya sarafu za dhahabu 100 za mchezoni ambayo msihiri mpya hana.

Find Familiar huchukua saa moja na hizo dakika 10, na huteketeza makaa, ubani na mitishamba ya dhahabu 10 kwenye chetezo cha shaba. Mhusika mwenye asili ya mwanazuoni huanza na dhahabu 10 mfukoni. Inatosha mara moja, msiitumie kwa pombe ya mji wa kwanza. Kwa kanuni, mnyama bora ni bundi: huona gizani futi 120 na huruka mbele ya adui akapita bila kupigwa akiondoka. Hashambulii, ila akimsumbua adui, mwenzako anayefuata kumpiga hurusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Najua bundi akitua juu ya paa kwetu watu hukosa usingizi. Usimkwepe kwa hilo. Mwambie msimamizi kwamba wanakijiji wanamwogopa msihiri wako kwa ajili ya ndege wake, na umeshapata mgogoro wa kuchezea bila kuutafuta.

Nafasi za kurusha ngazi ya 1 ni mbili tu. Moja inaliwa asubuhi na Mage Armor. Ya pili ni ya hatari ya kwanza. Mkishapumzika saa moja, msihiri anaweza mara moja kwa siku kurudisha nafasi za daraja jumla ya nusu ya ngazi yake, nusu ikipandishwa juu, kwa hiyo hapa ni moja. Tatu kwa siku nzima. Anayerusha Magic Missile kwa goblini mmoja aliyejeruhiwa ametupa theluthi ya siku yake, na sihiri ndogo ya Fire Bolt ingefanya kazi ile ile bure, futi 120, dadu ya pande kumi. Zile ndogo unachagua tatu. Nyingine mbili ziwe Mage Hand (mkono wa sihiri) na Minor Illusion (kiini macho kidogo).

Sleep ndiyo inayowaponza zaidi, nieleze taratibu. Hurushi kwa mtu, unachagua nukta, na walio ndani ya futi 20 kutoka hapo wanahesabiwa. Unatupa dadu tano za pande nane, wastani kama 22. Unaanza na mwenye uhai mdogo kuliko wote, unatoa uhai wake kwenye jumla, analala. Unaendelea na anayefuata mpaka jumla isimtoshe tena. Goblini watatu wa uhai 7 ni 21, wanalala wote. Lakini kanuni haibagui rafiki. Mwenzenu aliyebaki na uhai 2 akiwa ndani ya duara, ndiye wa kwanza kulala. Wafu wanaotembea na watu wa jamii ya elf hawalali kabisa. Kwenye karatasi yenu ya manila kila mraba ni futi 5, basi kateni uzi wa urefu wa miraba minne, mshike ncha kwenye nukta na kuuzungusha kabla ya kusema narusha. Vizibo vya soda vilivyoguswa na uzi vimo.

Ngazi ya 2 huchagua shule. Kwa anayeanza ningesema Abjuration, shule ya ulinzi. Ukirusha sihiri ya ulinzi unapata ngao isiyoonekana yenye uhai mara mbili ya ngazi pamoja na nyongeza ya Akili: ngazi ya 2 ni 7. Na Mage Armor ni ya shule hiyo hiyo, kwa hiyo ngao inasimama asubuhi bila gharama ya ziada. Shield nayo ikirushwa inairudishia ngao uhai 2. Wa Evocation huwakinga wenzake na milipuko yake mwenyewe, huo ni uzuri wa baadaye.

Kumbukeni umakini. Sihiri nyingi nzuri za daraja la 2, kama Web (utando), hushikwa kwa fikra, na huwezi kushika mbili. Ukipigwa, ili sihiri isikatike unatupa dadu ya Ustahimilivu kufikia 10 au nusu ya maumivu, yoyote iliyo kubwa. Nyongeza ya 3 inakupa nyuso 14 kati ya 20. Ndiyo pointi zile zile tena.

Ngazi ya 4 pandisheni Akili hadi 18. Kila ngazi mnaongeza sihiri mbili bure, na mkiokota hati ya kunakili ni saa 2 na dhahabu 50 kwa kila daraja. Mkipata pesa ya kwanza, nakilini kitabu kizima kwenye cha akiba: saa 1 na dhahabu 10 kwa daraja, sita za mwanzo ni dhahabu 60. Msihiri aliyenyang'anywa kitabu anabaki na alichoandaa asubuhi, na hawezi kukibadilisha.

Nanyi mezani, kila msihiri awe na kaunta buku. Ukurasa mmoja sihiri moja: umbali, muda, inashikwa kwa fikra au la, adui anajinusuru kwa alama gani. Kipimo chenu cha kujinusuru ngazi ya 1 ni 8 na 2 ya umahiri na 3 ya Akili, yaani 13. Kiandikeni juu ya kila ukurasa. Karatasi ya mhusika jazeni kwa penseli, maana namba hizo zitafutwa Jumamosi baada ya Jumamosi. Inayokuja nileteeni nizikague kabla dadu haijatupwa.

Mzee wenu