Risala ya kikundi cha usafi cha Buguruni kwa Mstahiki Meya wa Jiji la Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mstahiki Meya wa Jiji la Dar es Salaam,
Mheshimiwa Diwani wa Kata ya Buguruni,
Ndugu Mtendaji wa Kata na watendaji wa mitaa,
Ndugu wenyeviti wa serikali za mitaa na wajumbe wenu,
Wataalamu wa afya, mazingira na maendeleo ya jamii kutoka Halmashauri,
Viongozi wetu wa dini, wazee wetu, majirani na watoto wetu,

Asalaam alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama. Karibu Buguruni, Mstahiki Meya. Tumefurahi kwamba hukusubiri saa tano uje kukaa kivulini usomewe. Umefika saa moja asubuhi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ukashika koleo pamoja nasi kwenye mtaro wa nyuma ya soko. Vilivyotoka mtaroni umeviona mwenyewe: makopo ya maji, pampasi, maganda ya mihogo, viatu, godoro zima. Risala yetu inahusu vitu hivyo na safari yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni akina mama 11 na vijana 4. Tulianza mwaka 2015, mwaka ambao kipindupindu kiliingia Dar es Salaam mwezi Agosti na baadaye kusambaa mikoani. Mtaani kwetu nyumba tatu zilizopakana ziliugua ndani ya wiki moja. Afisa afya alikuja na dawa ya maji, akagawa nyumba kwa nyumba, akaeleza habari ya kuchemsha maji na kunawa mikono. Alipomaliza akauliza: "Taka zenu huwa mnazipeleka wapi?" Tukanyamaza. Kila aliyekuwa pale alijua jibu, maana wengi wetu tulikuwa tukisubiri mvua inyeshe usiku, tunamwaga mtaroni, asubuhi hakuna kitu. Maji yamebeba.

Aibu ile ndiyo iliyotukusanya. Jumapili iliyofuata mama wawili waliazima mkokoteni wa muuza maji wakaanza kupita mlangoni kwa mlangoni. Wengine waliwacheka. Leo mmoja wa waliocheka ndiye mweka hazina wetu, na daftari lake halijawahi kupotea hata shilingi mia.

Tunaomba uturuhusu turudi nyuma kidogo, kwa sababu vijana wetu hawaijui historia hii na inatuhusu sana. Wazee waliopo hapa wanakumbuka dampo la jiji lilipokuwa Tabata, ng'ambo tu ya Mto Msimbazi. Wakazi wa Tabata walichoka na moshi na nzi, na mwaka 1988 wakaenda mahakamani kudai lihamishwe. Wakashinda. Baadaye dampo likaja Vingunguti kwa jirani zetu. Kutoka Vingunguti likaenda Mtoni, kule Temeke. Kutoka Mtoni likaenda Pugu Kinyamwezi, na huko ndiko liliko hadi leo. Kila lilikowekwa, watu walijenga wakalizunguka, kisha wakaomba liondoke, na walikuwa na haki.

Sasa angalia gharama yake. Zamani mzigo wa Buguruni ulivuka mto tu. Siku hizi lori linaingia Barabara ya Nyerere, linapambana na foleni, linapita Gongo la Mboto, linapanda hadi Pugu, kisha linarudi tupu. Mafuta yameongezeka na safari za siku zimepungua. Lori likipata safari moja badala ya mbili, taka za jana zinalala hapa. Zikilala siku tatu mbwa wanachana mifuko, mvua inapiga, na vyote tulivyovizoa mlangoni kwa mama fulani vinarudi mtaroni, tena baada ya yeye kutulipa. Hapo ndipo mwananchi anapokataa kulipa ada mwezi unaofuata, na sisi tunakosa la kumjibu.

Mto unaopokea taka hizo unatokea milima ya Pugu, unapita kwetu, unashuka Jangwani, unamwaga baharini penye Daraja la Selander. Desemba 2011 ulipofurika tulizika watu jijini, na baadhi ya jamaa zetu wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Hivi sasa Serikali inatekeleza mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi kule chini. Tunauombea heri kwa moyo wote. Lakini kopo likidondoka Buguruni leo, mvua ya kesho italifikisha huko.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuzungumzie mkopo, maana bila huo tungekuwa bado tunaazima mkokoteni. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Tulipoupata wetu tulinunua guta, chombo cha magurudumu matatu cha kubebea mizigo. Mama aliyekuwa akisukuma mkokoteni kutoka mtaa wa Malapa hadi barabarani alikaa juu ya guta siku ya kwanza akalia. Tulirejesha kila mwezi. Mwenzetu mmoja alipojifungua, sisi wengine tulibeba zamu yake na rejesho lake kwa miezi mitatu, na mtoto yule leo tunamwita Guta.

Mwaka 2023 mikopo ilisitishwa nchi nzima ili utaratibu upangwe upya. Hatukulalamika kwa sauti, kwa sababu ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuwa zimeeleza wazi habari ya vikundi visivyorejesha na vingine visivyokuwepo kabisa. Lakini tuliumia. Fedha ile ni ushuru wa muuza nyanya wa soko hili na ada ya leseni ya mwenye duka la kona. Aliyeichukua asirejeshe amewala watu hao. Na sisi tuliorejesha mpaka senti ya mwisho tulisubiri foleni moja na yeye. Mikopo iliporejea mwaka 2024 tuliomba tena, tukapata, na hivi sasa tunarejesha. Tunakuomba, Mstahiki Meya, historia ya kikundi cha kurejesha iwe na uzito kinapoomba kwa mara ya pili. Daftari letu lipo mezani hapo, ukipenda ulifungue.

Kuna jambo tunalisema kwa niaba ya jirani yetu fundi viatu, anayetembelea baiskeli ya miguu mitatu. Alipofuatilia ile asilimia 2 ya wenye ulemavu, alitakiwa kusaini fomu katika ofisi moja iliyo ghorofa ya pili, isiyo na lifti. Vijana wetu walimbeba mgongoni. Aliposhuka alisema harudi tena, hata mkopo uwe mkubwa namna gani. Hatutaji jina la ofisi hiyo, wala hatukuja hapa kumshitaki mtu. Tunaomba tu kwamba mtu wa namna yake asainie chini, hapa ofisi ya kata, na afisa ndiye amfuate.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kata hii imewahi kuonyesha njia. Mwaka 2006, chini ya mpango wa jiji wa kudhibiti malaria, Buguruni ilikuwa miongoni mwa kata tatu za kwanza kunyunyiziwa dawa ya viluwiluwi, pamoja na Kurasini na Mikocheni. Waliopita na dawa walikuwa watu wa mitaani humu humu, waliochaguliwa kupitia viongozi wa mitaa. Walijua dimbwi la nyuma ya nyumba ya nani halikauki, na walijua lile shimo la matofali lililofichwa na migomba. Mgeni angelitafuta wiki nzima. Watafiti waliofuatilia waliandika kwamba malaria kwa watoto ilipungua katika kata hizo. Tangu mwaka 2015 nchi yetu ina kiwanda chake cha viuadudu hivyo pale Kibaha, mwendo mfupi tu kutoka hapa.

Tunalikumbusha hilo kwa sababu homa ya dengue ilipovuma Dar es Salaam mwaka 2019, tuliambiwa mbu wake anapenda maji yaliyotuama ndani ya tairi, kopo na kifuu cha nazi. Vitu hivyo ndivyo guta letu linaviokota kila siku. Anayezoa taka anafanya kazi ya afya, na tunaomba Idara ya Afya ituhesabu hivyo. Wenzetu wawili wamechomwa na sindano zilizofichwa ndani ya pampasi. Tunahitaji glavu nene, buti, na chanjo ya homa ya ini na ya pepopunda kwa kila anayeshika taka, wakiwemo vijana wanaookota makopo ambao hawana kikundi wala kadi.

Katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019 lilitusaidia sana. Aliyezibua mitaro kabla na baada ya siku ile anajua tofauti. Makopo nayo yana wanunuzi, hivyo hayatusumbui sana siku hizi. Mzigo mkubwa uliobaki ni wa kuoza. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani jijini ni mabaki ya chakula na maganda, na kwa kata yenye soko kama hili hali ni zaidi: mikungu ya ndizi, majani ya mchicha, maganda ya machungwa, matikiti yaliyopasuka. Tikiti ni maji, Mstahiki Meya. Tunanunua dizeli kupandisha maji Pugu.

Ombi letu kubwa limetoka hapo. Tupatiwe eneo dogo karibu na soko la kutengenezea mboji. Tumelijaribu kwa miezi sita nyuma ya nyumba ya katibu wetu, kwa maganda ya vibanda vichache tu, na majirani hawakusikia harufu, kwa sababu tunageuza kila wiki na kufunika kwa majani makavu. Wenzetu wa Kinondoni wana kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani. Sisi hatuombi kiwanda. Tunaomba uwanja, paa la mabati, bomba la maji, na mtaalamu wa kilimo wa kutupitia mara kwa mara. Sehemu kubwa ya mzigo wa soko ikibaki hapa, lori litapanda Pugu na taka ambazo kweli hazina pengine pa kwenda.

Pamoja na hilo, tunaomba kizimba cha taka chenye sakafu ya zege na ukuta pale tunapokusanyia, na ratiba ya lori ibandikwe ofisi ya mtaa ili kila mtu aione. Lori likikwama, tupigiwe simu. Tukijua mapema hatutoi taka nje siku hiyo, na mama wa mlangoni tunamweleza ukweli mapema. Ada ilipwe kwa namba ya malipo na risiti itolewe, hata kwa mwenye chumba kimoja, ili asiwepo wa kusema fedha zimeishia mfukoni mwa wazoa taka.

Vijana wetu nao wamechora mitaro yote ya mtaa kwa simu zao. Ufundi huo uliingia mabondeni mwetu kupitia kazi ya Ramani Huria iliyoanza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi walipochora pamoja kata zinazofurika. Ramani yetu inaonyesha sehemu tisa zinazoziba kila masika. Tumeichapa nakala mbili, moja yako na moja ya wenzetu wa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, kwa kuwa mitaro ya barabarani iko mikononi mwao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla hujasimama kutujibu, katibu wetu atakukabidhi mfuko wa mboji. Yaliyomo ni maganda ya soko la Buguruni ya mwezi wa tatu. Tumekufungia na mbegu za mchicha. Ukiotesha leo, baada ya wiki tatu nne utachuma, na siku hiyo tunaomba utupigie simu utuambie umeonaje.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa kwako na Mwenyekiti, kwa niaba ya wanakikundi wote,
Buguruni, Dar es Salaam