Chora reli kwenye kompyuta kabla ya kuinunua

Mhariri,

Vijana wachache wa hapa Lamu wanaopenda reli za mfano, yaani treni ndogo zinazoiga za kweli, huanza kazi kinyume: huagiza reli na vichwa vya treni kutoka ng'ambo, kisha ndipo hutafuta mahali pa kuviweka. Naomba nafasi katika gazeti lako niwashauri waanze na programu ya kompyuta ya kuchorea reli, hasa kwa sababu ya nyumba tunazoishi.

Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, na ni nadra kuzidi mita 3. Katika kipimo cha 1:87, kiitwacho HO, ambapo treni ni ndogo mara 87 kuliko ya kweli, kona iliyozoeleka ya nusu kipenyo cha milimita 457 hudai meza ya upana wa karibu mita 1 ili treni igeuke na kurudi ilikotoka. Anayechora kwa penseli huikaza kona hiyo bila kujua, na mchoro ukapendeza. Programu haikubali udanganyifu huo, kwa sababu kila kipande cha reli kimehifadhiwa ndani yake kwa vipimo vya kiwanda, na vipande visivyokutana huonekana wazi kwamba havijakutana. Hapo ndipo mtu hutambua mapema kwamba chumba chake kinafaa njia nyembamba inayoambaa ukutani kutoka stesheni moja hadi nyingine, wala si duara.

Programu ya XTrackCAD hupatikana bure na hutumika kwenye Windows, Linux na Mac, ingawa kwa maoni yangu humchosha anayeanza. AnyRail, ya Windows, ni nyepesi kuielewa, lakini toleo lake lisilolipiwa huishia kwenye vipande 50, ambavyo vyatosha stesheni ndogo na pointi zake za kubadilishia njia.

Faida kubwa zaidi iko kwenye mwinuko. Ili treni moja ya HO ipite juu ya nyingine, reli ya juu hutakiwa kuinuka kwa takriban sentimita 8. Kwa mwinuko wa asilimia 2, ambao wengi huuona kuwa wa wastani, kimo hicho huhitaji mita 4 za kupanda na mita 4 nyingine za kushuka. Mchoraji akiandika kimo cha ncha mbili za njia, programu humpa asilimia papo hapo, naye huamua kama daraja lake linawezekana au aliache.

Anayetaka kuiga reli yetu kongwe, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, akumbuke kwamba upana wake, yaani nafasi kati ya vyuma vyake viwili, ni mita 1, ambao kwa kipimo cha HO ni kama milimita 11.5. Reli ya mfano iliyo karibu zaidi ni ya milimita 12, itengenezwayo na kampuni kama Bemo na Peco kwa wanaoiga njia za milimani za Uswisi, na ndiyo anayopaswa kuichagua kwenye programu kabla ya kuchora chochote. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, yenye upana wa milimita 1,435, hugeuka kuwa milimita 16.5, yaani ile reli ya HO inayouzwa kila mahali. Kwa hiyo stesheni ya Miritini, ya reli hiyo ya kisasa, ni rahisi kuiga kuliko stesheni kongwe ya Nairobi, jambo ambalo mpenzi wa magari ya moshi kama mimi halimfurahishi hata kidogo.

Bandari yetu ilianza kazi mwaka 2021, lakini reli iliyopangwa kutoka hapa kwenda Isiolo ingali kwenye makaratasi. Kijana wa Lamu ambaye hajawahi kuona taruma la reli kwa macho yake anaweza hata hivyo kujifunza sasa kwa nini njia hupinda pale na kupanda pole pole hapa. Nawaomba walimu wa kompyuta wa kaunti hii waiweke XTrackCAD kwenye mashine walizo nazo, kwani ikishapakuliwa haihitaji intaneti, na wawape wanafunzi zoezi la kwanza la kupima vyumba vya kwao.

Msomaji wenu,
Mkomani, Lamu