Shukrani kwa sonara wa Lamu

Mama alipofariki, cha kwake nilichobaki nacho ni kigae cha sahani ya zamani chenye ua la buluu, alichokiokota ufukweni Shela maji yalipokupwa. Nilikipeleka kwa sonara mjini Lamu, wanakotengeneza pete za vigae kama hivyo.

Alikipokea kwa mikono miwili, akauliza jina la marehemu, akamwombea rehema kabla ya kutaja kazi. Akazisugua kingo taratibu zisinikwaruze, akakizungushia fedha bila kuligusa ua, ingawa kukikata kungemrahisishia sana. Ujira aliukataa, alipokea gharama ya madini ya fedha yaliyotumika tu.

Kaka yangu, Mungu akulipe. Nanyi mafundi wengine, mfiwa akiwaletea kilichookotwa, muulizeni kwanza kilikuwa cha nani.