Barua kwa Mwanangu Aliyepotewa na Harufu

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, barua yako niliipokea Ijumaa, nikaisoma mara mbili, kisha nikamsomea mama yako kile kipande unachosema kwamba tangu upone ile homa kahawa inakunukia kama mpira unaoungua, kwamba kitunguu kikikaangwa inakubidi utoke nje, na kwamba uliyemwendea kwa matibabu alikujibu kuwa hayo ni mawazo tu. Hayo si mawazo, mwanangu. Nimefundisha baiolojia miaka mingi, na ningependa ulielewe jambo hili tangu mwanzo wake, kwa sababu naona kinachokutesa zaidi si ile harufu mbaya bali ni kutojua imetoka wapi.

Ndani ya kifurushi utakuta karafuu za shamba la marehemu babu yako, kule Mtambwe. Chukua moja ambayo bado ina kichwa, ukiponde kwa ukucha, kisha uisogeze puani. Kinachopanda hapo ni chembe za mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kemikali moja iitwayo eugenoli, ambayo ni nyepesi kiasi cha kuchukuliwa na hewa. Ukivuta pumzi hupanda hadi juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho, ambako pana utando mdogo uliolowa kamasi. Humo huyeyuka na kuvigusa vinyweleo vya seli za neva, na juu ya vinyweleo hivyo ndipo vilipo vipokezi, yaani protini zinazoshikana na kemikali zenye maumbo yanayozifaa. Kipokezi kikishashika, seli hufungua vijia vyake, chembe zenye umeme huingia, na habari huanza safari ya kwenda kwenye ubongo.

Mwaka 1991 wanasayansi wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, walitangaza kwamba wamezipata jeni zinazotengeneza vipokezi hivyo, na kazi hiyo ikawapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Panya ana jeni za namna hiyo zipatazo 1,000. Sisi tunazo zinazofanya kazi zipatazo 400. Kila seli ya neva ya kunusa hubeba aina moja tu ya kipokezi, lakini kemikali moja huamsha vipokezi vya aina kadhaa, na kipokezi kimoja huweza kuitikia kemikali kadhaa, kila moja kwa nguvu yake. Kwa hiyo hakuna kipokezi cha karafuu wala cha kahawa. Kikumbuke kikundi cha taarab kilichopiga harusini kwa dada yako: hukuusikia wimbo katika fidla peke yake, wala katika kanuni, wala katika dumbaki, bali katika vyote vilipokutana. Ubongo nao huitambua harufu kwa mpangilio mzima wa vipokezi vilivyoamka pamoja.

Nyuzi za seli hizo hupenya mfupa mwembamba wenye matundu kama chujio, ulio juu ya pua, na kuingia katika kiungo kidogo cha ubongo, balbu ya kunusa. Jambo ambalo sijaacha kulistaajabia hata baada ya kulifundisha miaka yote hii ni kwamba seli zenye kipokezi cha aina moja, ingawa zimetawanyika puani, hupeleka nyuzi zao zikakutane katika vifundo vile vile ndani ya balbu hiyo, kana kwamba kila uzi umeelekezwa mlango wake. Kutoka hapo habari huenda moja kwa moja kwenye gamba la ubongo linalohusika na harufu, na pia kwenye amigdala, sehemu inayoshughulika na hofu, furaha na huzuni, bila kupita kwanza thalamasi, kituo ambacho habari za macho na masikio hazina budi kukipitia. Njia ya kwenda kwenye kumbukumbu nayo ni fupi. Ulipokuwa mchanga na mama yako ametoka, nilikufunika kwa kanga yake ambayo haijafuliwa, ukanyamaza. Hukuwa unajua neno hata moja, lakini harufu ile ulikwisha kuijua.

Sasa nije kwenye maradhi yako. Virusi vya mafua na vile vya UVIKO-19 huweza kuudhuru utando ule wa juu ya pua. Katika UVIKO, watafiti walionyesha mwaka 2020 kwamba mlango wa kirusi haumo katika seli za neva zenyewe, bali katika seli zinazozisaidia na kuzilisha. Hizo zikiharibika, neva nazo hudhoofika. Hata hivyo neva za kunusa ni miongoni mwa neva chache mno mwilini zinazozaliwa upya maisha yote ya mtu. Kila seli mpya hulazimika kupeleka uzi wake kupitia matundu ya mfupa ule na kutafuta kifundo chake, na katika pua iliyojeruhiwa kazi hiyo huenda polepole, tena baadhi ya nyuzi hupotea njia. Kikundi kimerudi ukumbini lakini wapigaji wengi hawajafika, na wengine wamekalia viti visivyo vyao. Ubongo unasikia wimbo usioujua, ukauhesabu kuwa ni wa hatari.

Lugha yetu inatofautisha kunukia na kunuka, nasi hudhani tofauti hiyo imo katika kitu chenyewe. Asumini anayoivaa mama yako nyweleni ina indoli, kemikali ambayo pia imo katika kinyesi. Ikiwa kidogo na imezungukwa na nyingine hunukia, ikizidi hunuka. Na katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, watafiti waliichambua harufu ya kahawa kemikali moja moja mbele ya watu wenye tatizo kama lako, wakakuta kwamba kemikali yenye salfa ambayo sisi wengine huiita harufu nzuri ya kahawa iliyokaangwa ndiyo iliyowachukiza wengi wao. Kahawa yako haijaharibika, wala akili yako haijaharibika. Wataalamu wengi huiona hali hiyo kuwa ya neva zinazoota tena.

Kuhusu tiba, mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake huko Dresden, Ujerumani, walieleza mazoezi ya harufu nne: waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Nilipoiona karafuu katika orodha ile nilifurahi kama niliyetajiwa ndugu. Zote nne nimekufungia, halwaridi ikiwa katika chupa ndogo. Nusa kila moja taratibu kwa sekunde chache, ukiikumbuka ilivyokuwa hata kama husikii kitu. Huenda ukahitaji kuendelea miezi mingi. Na umwone daktari wa masikio, pua na koo, si yule wa kwanza.

Chakula ule kikiwa kimepoa, kwani mvuke ndio unaobeba harufu kwa nyuma ya koo, na hicho tunachokiita ladha ya mchuzi kwa kiasi kikubwa ni pua inayofanya kazi. Lakini linalonikosesha usingizi ni mtungi wa gesi. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Viwandani hutiwa kemikali ya salfa inayonuka ili ituonye ikivuja, na onyo hilo wewe kwa sasa huenda usilisikie. Funga koki kila ukimaliza kupika, fungua madirisha kabla ya kuwasha, na umwambie mwenzako wa chumbani ukweli wote ili awe pua yako.

Kila jioni andika katika daftari ulichonusa na kilivyokujia, hata kama ni hafifu, hata kama ni kibaya. Na siku limau litakapokuwa limau, usingoje barua: nipigie simu, hata iwe usiku wa manane.

Ni mimi baba yako