Shukrani kwa kaka wa Mwaloni

Kaka yangu uliyekuwa ukisubiri magunia yako ya dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, jina sikukuuliza, ila asante sana. Uliniona nahangaika na daftari la Kifaransa, ukaomba kalamu, ukaandika juu ya boksi tupu jinsi vielezi vinavyoundwa: lent, lente, lentement (polepole). Kivumishi cha kike, bandika -ment, basi. Ukaongeza kuwa constant (-a kudumu) huzaa constamment, na vite (haraka) hakibandikwi kitu.

Utamu ulikuwa kwenye mpangilio. Souvent (mara nyingi) hufuata kitenzi: je mange souvent. Ukifika passé composé, yaani wakati uliopita wa maneno mawili, déjà (tayari) hupenya katikati: j'ai déjà payé, nimeshalipa. Hier (jana) ni mkaidi, kwa kawaida hukaa mwanzoni au mwishoni. Kitabu changu kimepanga vielezi kwa alfabeti, sijui kwa faida ya nani!

Juzi mteja wa Kongo alinipigia kuulizia mzigo wake. Nikamjibu, "Le camion est déjà parti," yaani lori limeshaondoka. Hakuniambia nirudie, aliuliza tu bei ya gunia lingine.

Ukirudi kuchukua dagaa, ulizia meza iliyo karibu na mzani. Chai na sato wa kukaanga nitalipa mimi, halafu tumalizane na encore (bado, tena) na toujours (daima).