Wanafunzi wa afya, kaeni kwa benchi kwanza

Mhariri,

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Mathare, na hawa wanafunzi wa afya ya umma wanaokuja kutafiti mambo ya ukimwi nawapenda, ni watoto wetu, lakini maswali yao jameni. Juzi nimempeleka mmoja kwa mama anayemeza ARV, dawa za kupunguza makali ya ukimwi, mwaka wa 14 sasa, kijana akatoa tableti yake, swali la kwanza: je, umewahi kusikia kuhusu virusi vya ukimwi? Mama akaniangalia, mimi nikaangalia mabati.

Na huyo mama ana mambo. Akipewa dawa anaingia choo cha kliniki, anazimwaga zote kwa gazeti, anafunga, mkebe anatupa hapo hapo, maana kwa matatu ule mkebe unalia chaka chaka na kila mtu Nairobi anajua ni nini inalia. Wengine hujaza pamba. Sasa kile kipakiti cha kuzuia unyevu kimebaki kwa mkebe, dawa zinakaa mwezi mzima kwa gazeti ndani ya nyumba ya mabati ambapo jiko na kitanda ni majirani, zinabaki na nguvu kiasi gani? Si hilo ndilo swali! Lakini kijana amekuja na maswali ya "uelewa na mtazamo", yaani watu wanajua nini na wanaonaje ukimwi, na nadhani ni kwa sababu hojaji ya mwaka jana iko tayari na supavaiza hatasumbua.

Kule Majengo, Pumwani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, walianza na wanawake wa kliniki, wale wanaouza ngono, tangu miaka ya 1980, wakaona kuna wengine hawaambukizwi virusi miaka nenda miaka rudi, wakauliza kwa nini. Swali lilitoka kwa foleni.

Leo foleni imebadilika. Marekani ilisimamisha misaada Januari 2025, kwetu waliokuwa wakifuatilia walioacha dawa wakaambiwa waende nyumbani, na ukiongeza wale mafuriko ya Aprili 2024 yaliwahamisha, nani anajua wanachukulia dawa wapi? Tena kuna sindano ya kukinga mtu asiambukizwe virusi, lenacapavir, mara 2 kwa mwaka. Mtu wa kuhama kila kodi ikipanda utampata vipi ile ya pili?

Walimu wao wawape wiki moja ya kukaa kwa benchi la kliniki kabla mada haijaandikwa. Kliniki ya yule mama ni Jumanne, na saa 12 asubuhi ashafika.

Mhudumu wa afya ya jamii,
Mathare, Nairobi